Nilivyoikuta kahawa ya kwetu sokoni Mwakitolyo

Desemba, shule zilipofungwa, nilimchukua mwanangu wa kwanza tukaondoka Muleba kwenda kumtembelea baba yake Mwakitolyo. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu huko machimboni, na nyumbani alikuwa amekuja mara moja tu.

Safari yetu haikuwa ya matembezi. Baba watoto alikuwa ametaka tuhame wote. “Njoo uone kwanza,” aliniambia kwenye simu. “Ukiridhika, wadogo watafuata.” Nilikuwa na watoto watatu, mkubwa akiwa darasa la sita, na kibanja cha migomba alichotuachia baba mkwe. Si jambo la kuamua kwa simu. Nikaona bora nikaone kwa macho yangu.

Tulipanda basi alfajiri. Tukapita Biharamulo, Nyakanazi na Runzewe, tukaingia Kahama jioni, tukalala. Asubuhi tukapanda Noah iliyojaza watu mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa, tukaiacha lami na kuingia kwenye vumbi. Mwanangu alikaa dirishani. Kwetu ukitazama nje unaona mgomba na nyuma yake mgomba mwingine. Hapa aliona uwanda usiokwisha, majaruba ya mpunga yakisubiri mvua, ng'ombe wengi na mbuyu mmoja mmoja. “Mama, watu wa huku wanajificha wapi mvua ikinyesha?” akauliza. Abiria wakacheka.

Mwakitolyo ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga. Wenyeji wake ni Wasukuma, wakulima na wafugaji. Wengine wote wameletwa na dhahabu. Ukifika machimboni unaona maturubai, mabanda ya mabati na maduara, yaani yale mashimo marefu yaliyozungushiwa magogo ambayo watu hushuka kwa kamba. Makarasha yanasaga mawe tangu asubuhi mpaka usiku. Vumbi lake jeupe linakaa kwenye nywele, kwenye sufuria na kwenye nguo zilizoanikwa.

Mume wangu alitupokea kwa furaha. Alikuwa amekonda. Chumba alichopanga kilikuwa na godoro, ndoo mbili na jiko la mkaa. Nilipomuuliza kuhusu duara lao alisema, “Tunaendelea vizuri, tumekaribia mwamba.” Kisha akaniachia Sh5,000 ya mboga, akaondoka kwenda kazini.

Ndiyo iliyonipeleka sokoni.

Soko la watu wa mbali

Nilitarajia kukuta soko la Kisukuma, na kweli nililikuta. Kina mama walikuwa wametandika michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo ndiyo akiba ya huku. Kulikuwa na mchele, karanga, maziwa ya mgando na mboga za majani zilizokaushwa. Niliwasalimia “Mwangaluka” kama mume wangu alivyonifundisha, nao wakanijibu huku wakicheka lafudhi yangu.

Lakini kadiri nilivyoingia ndani, soko lilianza kubadilika. Meza moja ilikuwa na chupa za mawese, mekundu kabisa, na pembeni migebuka mikavu. Yule mama hakuhitaji kuniambia ametoka Kigoma. Aliniambia wateja wake wakubwa ni vijana wa kwao, na kwamba mwanawe aliyezaliwa hapa machimboni anadhani mawese ni dawa, kwa sababu kila akiugua kifua bibi yake huagiza apakwe. Mbele kidogo kijana aliuza dagaa wa ziwa waliotoka Mwanza. Mwingine alikuwa na nazi sita tu, amezipanga kama mayai. Nilimuuliza nani ananunua nazi Usukuma. Akajibu, “Kuna fundi wa karasha ametoka Tanga. Yeye peke yake anatosha.”

Ukitaka kujua ni akina nani wameingia machimboni, zunguka sokoni. Anayeuza mawese ameona kwamba Waha wapo wa kutosha. Anayeuza nazi amemhesabu hata yule mmoja.

Nilikuwa nimeshanunua dagaa na nyanya nikirudi, ndipo niliponusa kitu kilichonisimamisha. Ilikuwa harufu ya jani kavu la mgomba.

Mzazi mwenzangu wa Kagera ananielewa. Kwetu jani hilo ni kamba, ni kifuniko, ni mfuko, na kwa bibi zetu lilikuwa godoro. Sikuwa nimelifikiria hata siku moja kwamba lina harufu, kwa sababu lipo kila mahali. Hapa, siku mbili mbali na shamba langu, lilinijia kama mtu aliyeniita jina.

Nikafuata. Nyuma ya duka la kamba na tochi aliketi mama mtu mzima juu ya kigoda, mbele yake beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na vifurushi vidogo vilivyofungwa kwa jani la mgomba, na pembeni bakuli la senene waliokaangwa. Nikapiga goti kumsalimia, bila kufikiri, kama tunavyowasalimia wakubwa kwetu.

Aliniangalia goti kabla hajaniangalia uso. “Mwasibota,” akasema. “Kaije, waitu.”

Sikujua nicheke au nilie.

Punje mbili za tunda moja

Ndani ya vile vifurushi kulikuwa na amwani, kahawa ya kutafuna. Kwa msomaji asiyeijua, hii si ya kunywa. Buni huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa. Mgeni akiingia nyumbani kwetu hupewa punje chache atafune wakati chakula kinapikwa. Wahaya walikuwa wakitafuna kahawa kabla wakoloni hawajaigeuza kuwa zao la kuuza nje.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walipasua tunda moja la kahawa. Ndani yake huwa kuna punje mbili zilizolaliana. Kila mmoja aliipaka punje tone la damu yake, akampa mwenzake aitafune. Tangu siku hiyo njaa ya mmoja ilikuwa njaa ya mwingine.

Nilinunua vifurushi viwili kwa Sh1,000 na kikombe cha senene kwa Sh2,000. Nilijua nimemaliza hela ya mboga, lakini sikujali. Nilimuuliza mama vitu hivi vinamfikiaje. Akaniambia dada yake aliyeko Bukoba humfungia kifurushi na kumpa kondakta wa basi la Kahama. Kutoka Kahama kinakuja kwa Noah au bodaboda. Msimu wa senene, Novemba na Desemba, kifurushi huja kila wiki. Miezi mingine ni kahawa tu.

Kisha akaniuliza ninatoka wapi hasa, na nimemfuata nani. Nilipomtajia jina la mume wangu alinyamaza kidogo.

“Namfahamu,” akasema. “Alikuwa anapita hapa kila Jumapili asubuhi. Ananunua kifurushi kimoja, anakaa pale kwenye lile gogo, anapiga simu nyumbani huku anatafuna. Nilikuwa namsikia anaongea na watoto. Lakini siku hizi hapiti. Huu ni mwezi wa nne.”

Moyo ulinidunda. Miezi minne ndiyo muda ambao simu za Jumapili zilikuwa zimekatika. Alikuwa akiniambia mtandao unasumbua, au wanafanya kazi mpaka Jumapili. Nikawa nawaambia watoto hivyohivyo.

“Labda kahawa imemchosha,” nikasema.

Yule mama akatikisa kichwa. “Mwanangu, nimekaa hapa miaka mingi. Namjua kijana ambaye duara lake limekataa. Haji kununua. Si kwamba hana mia tano. Anaona haya. Akinusa kahawa ya kwao anakumbuka aliyoyaahidi.”

Yeye mwenyewe, aliniambia, alikuja kumfuata mumewe kwa miezi mitatu. Walikuwa wanatafuta hela ya mabati. Mumewe alisikia kuna rashi sehemu nyingine, akaondoka na wenzake, na hakurudi. Mama akaona aibu kurejea kijijini bila mume na bila mabati. Mwaka ukaongezeka juu ya mwaka. Wanawe wamekulia hapa. Wanazungumza Kisukuma na Kiswahili, na Kihaya wanajua majina ya vyakula tu. Mama yake mzazi alipofariki alikwenda na wajukuu, na wajukuu hawakujua namna ya kuwasalimia wafiwa.

“Kahawa inakuja kwa basi kila wiki,” akasema. “Mimi ndiyo sijapanda hilo basi.”

Aliyoyaona mwanangu

Niliporudi nilimkuta mwanangu amesimama nje ya chumba, miguu imejaa tope jeupe, amefurahi sana. Alikuwa amepata marafiki. Walimpeleka kwenye mialo, mahali ambapo mawe yaliyosagwa huoshwa ili dhahabu ibaki. Alikuta watoto wa umri wake wakichota maji na kubeba mifuko ya mchanga. Mtu mzima mmoja alimwambia akija kesho asubuhi atapata Sh2,000.

“Mama, hela hiyo kwa siku moja!” akaniambia. “Tukihamia hapa naweza kukusaidia.”

Alikuwa ananyoosha mkono kunionyesha walivyokuwa wanakoroga. Nilimuuliza wanakoroga nini. “Wanaweka maji fulani mazito yanang'aa, yanashika dhahabu.” Ilikuwa zebaki.

Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto katika migodi midogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya, likaeleza habari ya mashimo na habari ya zebaki. Zebaki huingia mwilini hasa kwa mvuke inapochomwa, na huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mtoto anayekua madhara ni makubwa zaidi. Haya nilikuwa nimeyasikia redioni nikiwa Muleba, nikaona ni mambo ya watu wengine. Sasa yalikuwa kwenye miguu ya mwanangu.

Nilimwogesha mara mbili. Wale watoto aliowakuta kule siwalaumu, wala siwalaumu mama zao kabla sijajua wanakula nini. Lakini jibu la kuhama nilikuwa nimeshalipata.

Kifurushi juu ya ndoo

Mume wangu alirudi jioni, mweupe kwa vumbi. Nilikuwa nimepika ugali na dagaa. Juu ya ndoo iliyofunikwa, iliyokuwa meza yetu, nikaweka kifurushi kimoja cha kahawa bila kusema neno.

Alikiona. Alikitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Umemkuta mama?”

“Nimemkuta. Anakusalimia. Anasema umempotea.”

Akainamisha kichwa. Kijana wetu alikuwa amelala. Ndipo aliponiambia yote. Duara lao walichimba miezi na miezi bila kupata mawe yenye dhahabu. Machimboni wengi hawalipwi mshahara. Mfadhili hutoa chakula na vifaa, na mawe yakitoka ndipo wanagawana viroba. Yasipotoka hakuna cha kugawana. Mfadhili wao alichoka, akakata posho. Tangu hapo mume wangu alikuwa kibarua wa kubeba viroba kwenye karasha la mtu, na alikuwa na deni la chumba la miezi miwili.

“Sasa kwa nini ulitaka tuhame?” nikamuuliza. “Tungekula nini?”

Alichukua muda kujibu. “Nilifikiri mkiwa hapa, sitahitaji kurudi kule mikono mitupu. Baba yangu na majirani wangeona nimewaita mke wangu na watoto. Wangejua nimefanikiwa.”

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na kila sababu. Lakini nilimkumbuka yule mama kwenye kigoda chake, aliyekuja kwa miezi mitatu. Nikaona kwamba mume wangu alikuwa ameanza njia ileile, na mimi nilikuwa karibu kuwapeleka watoto watatu nyuma yake.

Nilifungua kifurushi. Nikachagua tunda ambalo halijapasuka, nikalibana kwa meno, punje mbili zikatoka. Nikampa moja. Hatukusema habari za damu wala za kiapo, na yeye ni Mhaya kama mimi. Alitafuna.

Tulikubaliana mambo matatu usiku ule. Watoto watabaki Muleba shuleni. Yeye atamaliza deni la chumba kisha aamue, kama ni kuendelea au kurudi kwenye kibanja, na akirudi hakuna atakayemuuliza gramu ngapi. La tatu ndilo nililolisisitiza zaidi: atapiga simu kila Jumapili, hata siku ambayo hana kitu, tena hasa siku hiyo.

Si machimboni tu

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mdogo wangu aliyeko Muscat, Oman, anakofanya kazi za ndani. Alinyamaza kwenye simu, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

Mwezi wake wa kwanza kule alitumwa sokoni. Akiwa kwenye mboga akasikia mzee wa Kiomani aliyevaa kanzu na kofia akiuliza bei ya muhogo kwa Kiswahili safi cha Unguja. Wako wengi kule. Familia nyingi za Kiomani ziliishi Zanzibar, na baada ya Mapinduzi ya 1964 zikaenda Oman na lugha yao. Yule mzee alipomjua ni Mtanzania alimnunulia muhogo na kumwambia, “Kachemshe, ule na chai.”

“Siku ile nililia jikoni,” mdogo wangu akasema. “Nilitaka kukupigia. Lakini mshahara ulikuwa haujatoka, nikajua utaniuliza habari ya ada ya mtoto. Nikaacha.”

Na kweli ningemuuliza. Kila aliponipigia, baada ya salamu nilikuwa naingia kwenye hela: ada, dawa za mama, bati lililotoboka. Nilikuwa mimi ninayemfundisha kwamba bila hela asipige.

Ndiyo maana nimeandika haya. Sisi tuliobaki huwa tunadhani aliye mbali ametusahau. Huenda yuko sokoni mahali fulani, amenusa jani la mgomba au ameona chupa ya mawese, moyo umemrudisha nyumbani kabla ya miguu, halafu akageuza njia kwa sababu mfuko ni mtupu. Soko litamletea chakula cha kwao. Ruhusa ya kurudi mikono mitupu haiuzwi sokoni, hiyo inatoka kwetu.

Mwezi Machi mume wangu alikuja nyumbani kwa wiki moja. Deni la chumba alikuwa amelimaliza. Alishuka kwenye basi na begi dogo, hana zawadi hata ya pipi. Watoto walimkimbilia hivyohivyo, mdogo akamning'inia shingoni mpaka tukafika nyumbani. Baba mkwe alimpa kahawa, wakaketi wanatafuna, na mzee hakumuuliza chochote kuhusu dhahabu, kwa sababu nilikuwa nimemwomba.

Alipoondoka, nauli ya kurudia nilimpa mimi, pamoja na vifurushi ishirini vya kumpelekea yule mama. Mama alimtumia salamu kupitia simu ya mume wangu. Alisema mwaka huu shule zikifungwa atapanda basi na mjukuu mmoja, aje aone kama njia bado anaikumbuka. Nimemwambia sitarajii zawadi.

Mzazi mwenzangu, kama una mtu Mwakitolyo, Geita, Muscat au popote, mpigie wewe leo. Muulize amekula nini. Habari ya ada iache mpaka kesho.